Lami mpaka Kapolowe, vumbi mpaka ziwani

Mwenye gari anayekaa Kasungami, mtaa wa Lubumbashi, ameshapata nusu ya mafunzo bila kulipa mwalimu. Kila asubuhi anatoka nyumbani kwa njia ya udongo, anakwepa korongo lililochimbwa na mvua ya mwaka jana, anapisha baiskeli iliyobebeshwa magunia ya makala mpaka mwendeshaji haonekani, ndipo aikute lami. Mtu wa namna hiyo akisema anataka kutoka na familia akaone nchi, na njiani aonje njia za vumbi, sina la kumwambia kuhusu mashimo. Namwambia tu kwamba safari ya kwanza ipangwe kuanzia mwisho. Kabla ya kuuliza utafika wapi, jua utageukia wapi, saa ngapi, na baada ya kugeuka utaikuta lami baada ya muda gani. Njia ya pembeni isiyojibu maswali hayo haimfai anayeanza, hata picha zake ziwe nzuri namna gani.

Wengi huanza na ndoto ya Lofoi, wala siwalaumu. Maporomoko ya Lofoi yako ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, na maji yake yanaanguka zaidi ya mita 300 toka ukingo wa uwanda wa juu. Lakini huko ni mbali na lami. Lazima watu wa ICCN, wenye kusimamia hifadhi, wajue unakuja. Lazima muwe magari mawili ili moja livute jingine. Na kitu kikiharibika, fundi hayuko jirani. Isitoshe, Lofoi ina ukaidi wake: maji yanapokuwa mengi njia ni mbovu, na njia inapokauka vizuri maji nayo yamepungua. Iache kwa mwaka wa pili.

Safari ninayoipendekeza kwa mwanzo ni ya siku mbili, Lubumbashi hadi Likasi. Ni kama kilomita 120 za Barabara ya Taifa namba 1, na ni lami. Ukikaribia Likasi unavuka mto Lufira, na upande huo huo wa nchi iko Kapolowe. Kapolowe ya stesheni ya reli ni moja, na Kapolowe ya misheni, karibu na Ziwa Tshangalele, ni nyingine. Usizichanganye unapouliza njia. Kutoka lami kwenda ziwani ndiko kunakokupa vumbi lako la siku. Unalala Likasi, mji wa vilima na nyumba za zamani, na kesho yake unarudi nyumbani ukiwa umepumzika.

Ziwa lenyewe ni la kutengenezwa. Lufira ilizuiwa kwa bwawa Mwadingusha, na kituo cha umeme kikaanza kazi mwaka 1930 ili kulisha migodi na viwanda vya Union Minière. Kwa sababu hiyo kina cha maji hakikai pale pale. Hupanda na kushuka kwa mvua na kwa mahitaji ya bwawa, na kingo zake ni tambarare, zenye matope na mafunjo. Njia iliyofika mpaka kwenye mitumbwi mwezi wa Oktoba inaweza kuwa chini ya maji mwezi wa Aprili. Bonde hilo la Lufira liliwekwa na UNESCO kwenye orodha ya hifadhi za biosfia duniani mwaka 1982, na ukifika asubuhi, kabla upepo haujaamka, ndege peke yao wanatosha kukulipa gharama ya mafuta.

Mwezi ndio unaochagua njia

Mvua zetu hukatika mwezi wa Aprili. Mei na Juni ndiyo miezi ya anayeanza: mito bado ina maji, nyasi bado ni kijani kwa chini, vumbi halijawa unga, na anga ni safi. Usiku lakini kuna baridi ya kweli, maana tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Watu wanasahau mablanketi kwa sababu mchana walikuwa wanatoka jasho.

Julai na Agosti nyasi huchomwa. Moshi unafunika milima, na picha zote zinatoka na rangi ya majivu. Hatari hapo ni ekzosi. Ukiegesha gari juu ya nyasi kavu, joto la chini ya gari linaweza kuwasha moto huku ninyi mmekaa kivulini mnakula. Egesha kwenye udongo mtupu, kila mara.

Septemba ni mwezi ninaoupenda mimi. Mvua haijafika, lakini miti ya miombo inachipua majani mapya mekundu, na msitu mzima unaonekana kama wakati wa vuli huko Ulaya, isipokuwa huku majani yanazaliwa badala ya kufa. Oktoba ni joto, halafu mvua ya kwanza inapiga ule udongo mwekundu na unateleza vibaya. Mvua ya kwanza ndiyo mbaya kuliko ya kumi, kwa sababu imekuta vumbi la miezi mitano. Kuanzia Novemba hadi Machi, anayeanza abaki kwenye lami. Nayo ina raha zake, uyoga na maembe vinauzwa kando ya barabara.

Kuna kitu kimoja cha nchi hii ambacho lazima ukijue kwa macho, nacho ni dembo. Ni uwanda wa nyasi katikati ya msitu ambamo maji hutuama wakati wa mvua, na ndiyo sababu miti haikai humo. Ukiona miti imekoma ghafla na nyasi zimeanza, simama. Mwezi wa Juni dembo linadanganya: juu pamekauka na kupasuka, lakini chini ya ganda hilo kuna tope jeusi ambalo bado halijaona jua. Shuka. Kanyaga kwa kisigino kwa uzito wako wote, kisha kizungushe. Ukiona kisigino kimeacha alama kavu, nenda hatua kumi mbele ujaribu tena. Kikizama na shimo likaanza kung'aa, wewe una kilo sabini tu na gari lako lina karibu tani mbili. Rudi ulikotoka.

Gari na vilivyomo

Huhitaji Land Cruiser. RAV4 au Prado ya zamani inatosha, na hata gari la magurudumu mawili yenye nguvu linaweza kufika ziwani wakati wa kiangazi kama liko juu kiasi na dereva hana haraka. Gari dogo kama Ist liache nyumbani. Lala chini ya gari ukiwa na futi, upime kutoka ardhini hadi kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote, mara nyingi difu au kinga ya injini. Kisha hamishia kipimo hicho kwenye mguu wako ukiwa umevaa viatu, uweke alama. Barabarani utakuwa na rula isiyopotea: jiwe lililopita alama hiyo mguuni halipiti chini ya gari.

Magari mengi ya Lubumbashi yametoka Japani, usukani uko kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwenye lami hilo ni tatizo, na nitalirudia. Kwenye njia nyembamba ya vumbi lina faida, kwani dereva amekaa juu ya ukingo na anaona mtaro ulio chini yake. Kitu asichokiona ni kona ya kushoto na anayekuja. Kwa hiyo anayekaa mbele kushoto si abiria. Mpe kazi, asilale, asichezee simu.

Siku moja kabla, pita kwa kwado, fundi wa matairi. Mwambie akague tairi la akiba kwanza kabla ya mengine manne, kwa sababu hilo ndilo ambalo halijaguswa tangu gari linunuliwe. Halafu fungua nati za gurudumu moja kwa mikono yako mwenyewe na spana yako mwenyewe. Mafundi wanakaza kwa bomba refu, na porini wewe utakuwa na spana fupi ya sentimita thelathini. Kama haifunguki kwa kwado, haitafunguka Kapolowe.

Beba ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, jembe au sepetu fupi, kamba ya kuvutia yenye pingu za chuma, kipima upepo, pampu ya kujazia inayotumia umeme wa gari, tochi, na maji ya kunywa yasiyopungua lita tano kwa kila mtu. Kizima moto na pembetatu vinahitajika pia na polisi wa rulaje, kwa hiyo viweke mahali pa kufikika bila kushusha mizigo yote. Dawa za malaria na za tumbo mnazijua. Mimi huongeza vitenge viwili vya zamani: vinafuta, vinafunga, vinakaliwa, vinawekwa chini ya tairi.

Mafuta jaza mjini, na ujaze tena Likasi. Njia ya vumbi inakula karibu mara mbili ya lami ikiwa unatumia gia ndogo. Wauza chupa kando ya barabara, wale wanaoitwa kadhafi, ni wa kukuokoa tu: nunua kiasi cha kukufikisha kituoni, chuja kwa kitambaa, na ueleze wazi kama unataka esansi au mazuti, maana chupa zinafanana.

Pesa ziwe za aina mbili. Faranga ndogo ndogo kwa ajili ya peaje, samaki na shukrani. Dola kwa ajili ya hoteli. Dola yenye mpasuko hata wa unywele haitapokelewa, usijidanganye kwamba mkoani hawataona. Stakabadhi za peaje zitunze mpaka urudi. Leseni, kadi ya pinki, bima na karatasi ya ukaguzi wa gari viwe kwenye bahasha moja, na nakala zake kwenye nyingine. Mgeni asiye Mkongomani awe na pasipoti, maana DGM, watu wa uhamiaji, huuliza.

Jumapili mbili Kasungami

Kabla ya yote hayo, fanya mazoezi mtaani kwako. Jumapili alfajiri, watu kabla hawajaenda misa, njia ni tupu na watoto bado wamelala.

Tafuta korongo linalokata njia. Usiliingie uso kwa uso, bampa litachimba. Liingie kwa mshazari ili gurudumu moja lishuke, la pili lifuate, na gari lisipige tumbo. Lisilazwe mno lakini, kwa sababu ukiwa kwenye mteremko, mshazari unalaza gari ubavu. Tafuta mahali ambapo malori yamechimba mifereji miwili na kuacha mgongo katikati. Mazoea yanakuambia uweke magurudumu ndani ya mifereji kwa kuwa ndipo wengine walipopita. Wengine hao walikuwa na lori. Wewe weka gurudumu moja juu ya mgongo na jingine juu ya ukingo, uende polepole kama mtu abebaye maji kichwani.

Jifunze pia kurudi nyuma. Mita hamsini kinyumenyume, kwenye njia nyembamba, mtu akikuelekeza kwa mikono na kioo kikiwa kimeshushwa. Hakuna anayefanya zoezi hili, na ndilo litakalokutoa kila utakapokuta njia imefungwa na mti. Kubalianeni ishara: anayeelekeza ni mmoja tu, na akitoweka machoni pa dereva, gari linasimama.

Kama gari lako lina kitufe au mkono wa kuunganisha magurudumu manne, hakikisha unafanya kazi. Mengine hayajaunganishwa miaka kumi na yamegandamana. Uyaunganishe kwenye udongo, siyo kwenye lami kavu, la sivyo utavunja kitu huko chini.

Barabarani

Ondoka mapema, jua likichomoza. Mwezi wa Juni jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na hesabu yako yote ya siku inaanzia hapo. Barabara ya Likasi inabeba shaba, kemikali za viwandani na saruji, kwenye malori marefu yanayopanda polepole na kushuka kwa kasi. Kwa usukani wa kulia, hutaona kitu mbele ya lori mpaka gari zima limetoka nje. Usitegemee jicho la aliyekaa kushoto peke yake: baki nyuma, mbali, mahali ambapo unaona barabara kwa pembeni ya lori, na ukisubiri dakika kumi, subiri. Ukiona matawi mabichi yametandazwa juu ya lami, punguza hapo hapo. Kuna lori limeharibika mbele, mara nyingi nyuma ya kona, na matawi ndiyo pembetatu yao.

Eneo la Lwisha ni la migodi, malori yanaingia na kutoka, kaza macho. Baada ya hapo nchi inafunguka. Vichuguu vikubwa kuliko nyumba vinasimama katikati ya miti, vingine vimeota msitu wake juu; udongo wake ndio unaofyatuliwa matofali ambayo labda nyumba yako imejengwa nayo.

Kwenye daraja la Lufira usisimame kupiga picha. Madaraja, askari, migodi na mitambo ya umeme havipigwi picha. Historia yake unaweza kuwasimulia watoto gari likitembea: Septemba 1961 kikosi cha Waayalandi wa Umoja wa Mataifa kilizingirwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na wenzao waliotumwa kuwaokoa walikwama hapa Lufira, wasivuke.

Kuuliza njia

Unapoiacha lami, simama kwenye nyumba za kwanza, zima injini, shuka, salimia. Mtu akiulizwa na mgeni akiwa ndani ya gari kama njia ni nzuri, atajibu ndiyo, kwa sababu ya heshima na kwa sababu kwake ni nzuri, anaipita kwa miguu. Mwenye pikipiki naye atakuambia haina shida. Uliza namna nyingine.

“Jambo mzee. Gari la mwisho limepita hapa lini?”

“Juzi, mwanangu.”

“Lilikuwa gari gani?”

“Ile ya kuchukua samaki.”

“Lilirudi kwa njia hii hii?”

Swali la mwisho ndilo lenye thamani. Mzee akinyamaza kidogo, akamgeukia mwenzake, umeshapata jibu. Uliza watu watatu waliokaa mbali mbali. Ramani ya simu uliyoipakua nyumbani inasaidia kujua uko wapi. Haijui kwamba mwezi uliopita daraja la magogo limeoza. Na ukiingia kijijini kukaa kivulini au kutembea ziwani, ulizia shefu wa kijiji, umwone kwanza. Dakika tano za salamu zinakupatia mtu wa kulinda gari na habari zote za njia.

Sasa shusha upepo. Kama kwenye lami unatumia bar 2.3, shusha hadi 1.8 kwa vumbi lenye makunyanzi. Ukikuta mchanga mwingi, 1.4, na mwendo uwe mdogo maana tairi laini hukatika ubavuni. Utaona gari limeacha kutetemeka, na watoto wameacha kulalamika. Ujaze tena kabla ya kurudi lami. Angalia saa: gawa mwanga uliobaki mara tatu. Fungu moja la kwenda, moja la kurudi, moja la matatizo. Fungu la kwanza likiisha, unageuka, hata kama ziwa linaonekana kati ya miti. Hapa ndipo watu wazima wanapogombana ndani ya gari, kwa hiyo sheria hii itangazwe asubuhi kabla ya kuondoka, dereva akiwa ndiye msemaji wa mwisho.

Baki kwenye njia. Kuendesha kwenye nyasi ndefu ndiko wageni wanakokuona kama raha yenyewe, lakini kwa nchi yetu ni ujinga. Nyasi zinaficha visiki vya wachoma makala, vimekatwa kwa mshazari na vimekauka vikawa mikuki. Vinatoboa tairi ubavuni, mahali ambapo kwado hawezi kuziba. Zinaficha mashimo ya muhanga. Na katika nchi ya shaba na kobalti zinaficha mashimo ya wachimbaji, mengine yenye kina cha nyumba ya ghorofa, yaliyoachwa wazi. Ukikuta kizuizi na walinzi wa kampuni, usibishane, geuza. Mpaka wa mgodi hauna mjadala.

Ukikuta kijito kinachokata njia, simama uangalie dakika chache. Ona wengine wanapita wapi. Kipime kwa fimbo ukiwa na viatu, na maji yakipita goti, kwa leo basi. Ukivuka, gia ya kwanza, mwendo mmoja, bila kukanyaga klachi katikati, kisha upande wa pili ukanyage breki mara kadhaa zikauke. Hii ni ya vijito tu. Lufira yenyewe na kingo za ziwa hazipimwi kwa miguu. Kuna kichocho kwenye maji yaliyotulia, na watoto wasiogelee.

Ukikwama, kosa kubwa hutokea katika sekunde tano za mwanzo. Gurudumu likizunguka bila gari kusogea, ondoa mguu. Kila mzunguko wa ziada unachimba kaburi la ekseli. Shukeni wote. Ondoa tope mbele na nyuma ya magurudumu, siyo mbele tu, kwa sababu njia ya kutoka kwa kawaida ni ile uliyoingilia. Shusha upepo tena. Weka jeki juu ya ubao uinue gurudumu, jaza matawi na mawe chini ya tairi, sukumeni kinyumenyume. Watu wa kijiji watakuja kusaidia. Pataneni bei kabla hawajaweka mikono, kwa utulivu na kwa mtu mmoja anayezungumza kwa niaba ya wote. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano ya chasi, kamwe siyo kwenye bampa wala kwenye mpira wa kuvutia tela: ule mpira ukikatika unaruka kama risasi. Wakati wa kuvuta, wasio na kazi wakae mbali, mara mbili ya urefu wa kamba, na watoto wawe nyuma ya mti.

Likasi, na mbele zaidi

Samaki nunua Kapolowe, ule bukari Likasi. Bia ya Simba au Tembo iwe ya jioni gari likiwa limeshafungwa. Asubuhi utasikia wenyeji wakitaja maeneo mengine ya kwenda, na moja ni la kukataa: Shinkolobwe, magharibi ya mji. Urani ya bomu la Hiroshima la mwaka 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa huko, na udadisi unaeleweka, lakini mgodi umefungwa, kuingia kumekatazwa, na udongo wenyewe si wa kupeleka watoto. Mwadingusha nayo ni mitambo ya umeme inayolindwa. Bila ruhusa, utaishia getini.

Safari ya pili, ukishazoea, iwe Bunkeya, kaskazini ya Likasi kwenye uwanda wa Lufira. Ndipo palipokuwa na makao makuu ya Mwami M'siri, mfanyabiashara mwenye asili ya Unyamwezi aliyejenga ufalme wa Wayeke kwa shaba na pembe, mpaka alipouawa kwa risasi na watu wa msafara wa Stairs tarehe 20 Desemba 1891. Wayeke humkumbuka kila mwaka tarehe hiyo, na bahati mbaya ni katikati ya mvua; ukitaka kuhudhuria, nenda na dereva wa huko na gari la huko. Ukitaka kuendesha mwenyewe, nenda Juni. Upande wa Mitwaba na Upemba, zaidi ya hapo, uliza habari za usalama kabla ya kuuliza habari za njia.

Ukirudi Kasungami, kesho yake gari lisiende kazini kabla halijaoshwa chini. Tope lililokauka kwenye magurudumu linafanya usukani utetemeke na utadhani umevunja kitu. Toa filta ya hewa uigonge, vumbi litakalotoka litakushangaza. Toa mbegu za nyasi kwenye rejeta kwa brashi laini. Kaza nati zote za magurudumu, pima upepo wa matairi yote matano, na kama ulitumia lile la akiba, lililotoboka lipeleke kwa kwado siku hiyo hiyo.